Mabomba ya joto yanayopita darini: jinsi ya kuyakinga yasigande

Kila msimu wa baridi unapokaribia, maswali huwa yale yale. "Nimeshayavalisha mabomba foamu, mbona bado yameganda?" "Bomba la maji ya moto linagandaje?" "Pamba iwekwe chini ya bomba au juu yake?" Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza, ambaye nyumba yake inapashwa joto kwa maji ya boila (mtambo unaochemsha maji ya kupasha vyumba joto), na sehemu ya mabomba hayo inapita darini, yaani kwenye nafasi iliyo kati ya silingi na paa, ambako hakuna joto. Kazi nyingi utaifanya mwenyewe kwa mikono yako. Kuna sehemu chache ambazo nitakuambia uite fundi, na hapo naomba unisikilize.

Shika kwanza jambo moja, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi: kihami, yaani foamu, pamba au kitu kingine cha kuzuia joto lisipotee, hakitoi joto. Blanketi humfaa mtu kwa sababu mwili wake una joto lake. Ukifunika jiwe, litabaki baridi vile vile. Bomba lenye maji yaliyotulia, hata ulivalishe ala (gamba la foamu la kufunika bomba) nene namna gani, litaendelea kupoa mpaka lilingane na baridi ya darini. Foamu inachelewesha tu. Kwa bomba jembamba la milimita 15, ambalo maji yake ni kidogo, huko kuchelewesha ni kwa saa chache, na usiku wa baridi kali ni mrefu kuliko hapo. Kinachokinga bomba ni mambo matatu yanayofanya kazi pamoja: maji yanayozunguka, joto linalopanda kutoka vyumbani, na upepo uliozuiwa. Foamu inayasaidia hayo matatu, haichukui nafasi yake.

Bomba la moto huganda pale linapoacha kuwa la moto. Chumba kikifika joto lililowekwa, thamostati (kifaa cha ukutani kinachopima joto la chumba na kuwasha au kuzima mfumo) inaizima pampu au inaifunga valvu ya eneo hilo la nyumba, na maji yanasimama ndani ya bomba kule juu. Yakiganda, yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Mara nyingi barafu haipasui bomba pale ilipo. Inayabana maji yaliyonaswa kati yake na valvu iliyofungwa, presha inapanda, na bomba linapasukia mahali pengine. Ndiyo maana ufa unaweza kuukuta mbali na sehemu iliyoganda. Kwa bomba lisilo na kihami darini, anza kuwa na wasiwasi wa kweli nje panapokaribia -7°C, na mapema zaidi kama kuna upepo.

VITU VYA KUANDAA

- Ala za foamu au za mpira laini wa povu, zenye kipenyo cha ndani kinacholingana na unene wa nje wa bomba lako. Ukuta wa ala uwe wa milimita 25 au zaidi. Zile nyembamba za milimita 9 ni za kuzuia bomba lisipoteze joto ndani ya nyumba, darini hazitoshi.
- Mikeka ya pamba ya kioo au pamba ya mawe ya kufunika juu.
- Gundi inayofaa aina ya foamu uliyonunua, tepu imara ya kuhami, na vifungo vya plastiki.
- Silikoni au povu la kuzibia matundu.
- Kisu kikali chenye meno madogo, tepu ya kupimia, na kalamu ya kuwekea alama.
- Mbao mbili au tatu pana za kukanyagia.
- Taa ya kichwani, barakoa nzuri ya vumbi, miwani ya kinga, glavu, na nguo ya mikono mirefu.
- Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa.

Soma maandishi ya ala kabla ya kulipa. Maji ya boila za nyumbani kwa kawaida huwa kati ya 60°C na 80°C, na foamu nyingi za mabomba huvumilia mpaka karibu 100°C, lakini hakikisha kwa macho yako. Kama nyumba yako inapashwa kwa mvuke badala ya maji, foamu haifai kabisa; tumia ala za pamba ya kioo au pamba ya mawe.

KABLA YA KUPANDA

Kanyaga juu ya boriti au juu ya mbao ulizozilaza kuvuka boriti. Silingi bodi haibebi uzito wa mtu, na pamba ikiwa imefunika kila kitu huwezi kuona boriti inaishia wapi. Usiende peke yako. Awepo mtu nyumbani anayejua kuwa uko juu.

Angalia mambo mawili kwa makini zaidi. La kwanza ni mabomba ya zamani yaliyofungwa kitu kigumu cheupe au kijivu kinachofanana na plasta au karatasi yenye mikunjo. La pili ni chembe nyepesi za rangi ya kijivu au dhahabu zilizomwagwa kati ya boriti, ambazo huitwa vamikulaiti. Vyote viwili vinaweza kuwa na asbestosi, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Vamikulaiti nyingi iliyotumika katika nyumba za Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, na ilikuwa imechanganyika na asbestosi. Ukikuta kimojawapo, usikiguse, usikifagie, usichukue kipande ili ukakichunguze mwenyewe. Shuka, funga mlango wa dari, ita wataalamu wa kupima. Kazi ya mabomba itasubiri.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Yajue mabomba yako.

Washa joto, weka thamostati juu, subiri nusu saa, kisha panda. Yaliyo ya moto ndiyo ya boila: moja linapeleka maji, jingine linarudisha. Yale yaliyobaki baridi huenda ni ya maji ya bombani, ya hewa au ya umwagaji, na kila moja lina kanuni zake. Piga picha. Weka alama mahali bomba linapokaribia ukingo wa paa, linapopita juu ya baraza au gereji, na linapopanda juu zaidi ya pamba iliyopo. Hizo ndizo sehemu zitakazoganda kwanza. Pima unene wa nje wa bomba sasa hivi; wengi hununua ala kwa kukisia na kurudi dukani mara mbili.

Acha kipimajoto karibu na sehemu mbaya kuliko zote, usiku mmoja wa baridi. Namba utakayoikuta asubuhi itakuambia kama unashughulika na tatizo dogo au kubwa.

Hatua ya 2. Hakikisha maji yanazunguka kabla hujafunika chochote.

Ukifunika bomba bovu, umelificha tu. Gusa bomba la kwenda na la kurudi katika kila eneo: la kurudi linapaswa kuwa na joto pia, pungufu kidogo. Kama ni baridi wakati boila inawaka, huenda kuna hewa iliyonaswa, na mabomba ya darini ndiyo yaliyo juu kuliko yote, kwa hiyo hewa hupenda kukimbilia huko. Toa hewa kwenye radieta (vipasha joto vya vyumbani vinavyopitisha maji ya boila) na kwenye vitolea hewa vya darini mpaka maji yatoke bila kufoka, kisha tazama geji ya presha. Mifumo mingi ya nyumbani iliyofungwa inataka bar 1 hadi 1.5 ikiwa baridi.

Pita na taa kwenye kila jointi. Doa la kijani kwenye shaba au kutu kwenye chuma ni dalili ya uvujaji wa polepole. Utengenezwe kwanza.

Hatua ya 3. Ziba upepo.

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani kama kazi ya bomba. Lakini mkondo mwembamba wa hewa baridi ukilipiga bomba mahali pamoja, unaweza kuligandisha pale pale, hata kama sehemu nyingine zote ni salama. Tafuta matundu yanayoleta hewa ya nje moja kwa moja: nyufa ukutani, mahali nyaya na mabomba yanapopenya, mbao zilizoachana. Ziba kwa silikoni au povu.

Usizibe matundu ya hewa ya ukingo wa paa. Yamewekwa kwa makusudi ili dari lipumue. Ukiyaziba, unyevu utabaki ndani, mbao zitaoza na ukungu utaota. Kama bomba liko karibu nayo, weka kibao au karatasi ngumu ya kuelekeza hewa ipite juu, karibu na paa, isishuke kwenye bomba. Na kuzunguka bomba la moshi la boila usitumie povu la kawaida wala foamu. Hapo panatakiwa vitu visivyowaka, na nafasi iliyoelekezwa na mtengenezaji wa boila ibaki wazi.

Hatua ya 4. Lishushe bomba, kama inawezekana.

Bomba linaloning'inia hewani katikati ya dari ni gumu kulikinga. Bomba lililolala karibu na silingi, kando ya boriti, linapata joto la chumba kilicho chini yake. Bomba la plastiki lenye nafasi ya kulegea unaweza kulisogeza mwenyewe kwa kufungua klipu na kuzifunga chini zaidi. La shaba au chuma, ambalo lazima likatwe na kulehemiwa upya, ni la fundi bomba. Nasema hivi pia kwa sababu ya moto wa kulehemu karibu na mbao kavu na vumbi.

Kama unafikiria kufanya ukarabati mkubwa wa nyumba, hoja nzuri kuliko zote ni kuyatoa mabomba darini kabisa na kuyapitisha ndani ya kuta au sakafu za vyumba. Ndiyo tiba ya kudumu. Hatua nyingine zote humu ni za anayelazimika kuyaacha yalipo.

Hatua ya 5. Valisha ala.

Zima joto, acha mabomba yapoe kabisa, yafute vumbi na mafuta. Gundi haishiki kwenye bomba la moto wala chafu.

a) Anza kwenye vipande virefu vilivyonyooka. Fungua mwanya wa ala, ivishe, kisha izungushe ili mwanya utazame chini. Kata kila kipande kizidi kidogo, milimita chache tu, halafu kibane kiingie. Foamu husinyaa kwa joto la miezi ya kwanza, na ukikata sawasawa kabisa, msimu ujao utakuta mianya mitupu kila mahali ala mbili zinapokutana.

b) Paka gundi pande zote mbili za mwanya na kwenye ncha, subiri ikauke kidogo kama maelekezo yake yanavyosema, kisha bana. Acha mlango wa dari wazi, maana mvuke wa gundi ni mkali na unashika moto. Tepu peke yake bila gundi huachia. Gundi iwe ya kwanza, tepu iwe ya ziada.

c) Kwenye kona, usipinde ala. Ikipindwa hubanwa upande wa ndani na kufunguka upande wa nje, na hapo kwenye uwazi ndipo bomba litakapoganda. Kata vipande viwili kwa pembe ya digrii 45, vikutanishe, vigundishe. Kwenye tii, yaani kiungio chenye umbo la T, kata alama ya V katikati ya ala ndefu, na uchonge ncha ya ile inayokuja iingie humo.

d) Klipu na vishikizo ndivyo watu wanavyovisahau. Chuma cha klipu kinachogusa boriti ya baridi hunyonya joto kutoka kwenye bomba. Badili klipu ndogo kwa kubwa inayoshika ala kwa nje, au funika klipu yenyewe kwa kipande cha foamu.

e) Valvu zifunike kwa kipande kinachoweza kutolewa. Vitolea hewa vya kujiendesha usivizike wala usivizibe juu. Visipopumua, hewa itajaa, maji yatasimama, na utakuwa umetengeneza mwenyewe tatizo ulilotaka kuliepuka.

f) Acha nafasi ya bomba kurefuka. Mita 10 za shaba zikipata joto la digrii 60 zaidi, hurefuka karibu sentimita moja. Plastiki hurefuka mara kadhaa zaidi ya hapo. Usilikaze bomba kwa povu gumu mahali linapopenya mbao.

Kama nafasi ipo na baridi ya kwenu ni kali, vaa ala ya pili juu ya ya kwanza, na mianya yake isikutane na ile ya chini. Usibane ala mbili katika nafasi ya moja; foamu iliyobanwa imepoteza hewa iliyokuwa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo kihami chenyewe.

Hatua ya 6. Funika kwa juu, acha wazi kwa chini.

Hapa ndipo jibu la swali la pamba lilipo. Pamba iende juu ya bomba na pembeni mwake. Kati ya bomba na silingi usiweke kitu. Unataka bomba liwe upande wa nyumba, chini ya blanketi lile lile linalofunika vyumba, ili joto linalopenya silingi lilifikie. Ukilaza pamba chini ya bomba, umelikata kutoka kwenye joto hilo na kuliacha nje na baridi.

Lipo jambo ambalo wenye nyumba wengi hawaambiwi: ukiongeza pamba kwenye silingi ili kupunguza gharama za joto, dari linazidi kuwa baridi, kwa sababu joto lililokuwa linavuja kwenda juu sasa halipandi. Bomba lililokaa miaka mingi bila shida linaweza kuganda majira yale yale ulipoweka pamba mpya. Kila unapoongeza pamba, angalia tena mabomba yamebaki upande gani.

Kama bomba liko juu kidogo na haliwezi kushushwa, tengeneza handaki: mikeka ya pamba ilale juu yake na kushuka pande zote mbili mpaka ikutane na silingi, na pamba iliyo chini ya bomba uiondoe. Usiishindilie. Usifunike taa za silingi ambazo hazikutengenezwa kufunikwa, wala nyaya za umeme zilizozeeka. Zikikosa hewa huchemka.

Baadhi ya mifumo ya zamani ina tenki dogo la maji darini linalolisha boila. Lizungushie kihami ubavuni, liwekee mfuniko na kihami juu, ila chini yake pabaki wazi kwa sababu ile ile. Bomba lake la kupumulia lisizibwe kamwe.

Hatua ya 7. Panga thamostati ili maji yasisimame muda mrefu.

Usiku wa baridi kali, usishushe joto sana. Kushusha digrii nyingi kunamaanisha saa kadhaa ambazo pampu haifanyi kazi, na saa hizo ndizo zenye baridi kuliko zote. Nyumba ikiwa tupu, usishuke chini ya 12°C au 13°C.

Kuna mtego mwingine. Kama una jiko la kuni au hita ya umeme karibu na thamostati, chumba hicho kitakuwa na joto, thamostati itaridhika, na boila haitaitwa usiku kucha. Wewe unaota moto sebuleni, na mabomba ya juu yanaganda. Usiku wa namna hiyo, inua thamostati kwa muda kila baada ya saa chache, au mwombe fundi akuwekee kidhibiti kinachoendesha pampu dari linapokaribia kuganda. Boila nyingi za kisasa zina kinga ya baridi, lakini kinga hiyo husoma joto la boila yenyewe. Boila ikiwa katika chumba chenye joto, haina habari na yanayotokea darini.

Hatua ya 8. Kwa sehemu sugu tu: waya wa joto au maji ya kuzuia kuganda.

Waya wa joto ni waya wa umeme unaolazwa juu ya bomba na kulipasha. Chagua aina inayojirekebisha yenyewe, ambayo hupunguza nguvu bomba likipata joto. Aina ya nguvu moja isipishane wala kujigusa, itaungua. Usiikate ili kuifupisha. Hakikisha maelezo yake yanaruhusu aina ya bomba lako, joto la maji yake, na kufunikwa kwa foamu. Si kila waya unaruhusu. Uunganishwe kwenye soketi yenye swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Usitumie waya wa kuongezea urefu. Umeme ukikatika, waya huu haukusaidii kitu, kwa hiyo usiufanye kuwa kinga yako pekee.

Maji ya kuzuia kuganda huchanganywa ndani ya mfumo mzima. Yanayotumika nyumbani ni ya propilini glaikoli, si ethilini glaikoli ambayo ni sumu, na si yale ya radieta ya gari, hata kama umebakiwa na dumu zima. Mchanganyiko wa asilimia 30 huanza kuganda karibu -13°C, na wa asilimia 40 karibu -21°C. Lakini unabeba joto pungufu kuliko maji matupu, unaitesa pampu zaidi, huvuja kwenye jointi ambazo maji hayavuji, na unahitaji kupimwa kila mwaka. Baadhi ya watengenezaji wa boila hawaruhusu kabisa. Mwachie fundi kazi hii, na mwambie akuandikie kiasi alichoweka.

MASWALI MAWILI YANAYOJIRUDIA

Je, nikiacha bomba la jikoni lidondoke matone, nitasaidia? Kwa mabomba ya maji ya kunywa, ndiyo. Kwa mabomba ya boila, hapana. Maji yake yako katika mzunguko uliofungwa, hayahusiani na bomba la jikoni. Kinachoyasogeza ni pampu peke yake.

Je, bomba la plastiki haligandi? Linaganda sawasawa na shaba. Tofauti ni kwamba plastiki hutanuka kidogo na mara nyingi haipasuki. Viungio vyake vya shaba nyeupe havina uvumilivu huo, na hata kama hakuna kilichopasuka, barafu ikiziba njia, radieta zako zitabaki baridi.

UNAPOSAFIRI, AU UMEME UKIKATIKA

Umeme ukikatika, pampu imesimama, hesabu saa zako. Fungua mlango wa dari ili hewa ya vyumbani ipande. Kwa dharura hili linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kama giza litaendelea na baridi ni kali, funga koki ya maji yanayoingia kwenye mfumo wa boila, kisha umwage maji ya mabomba ya darini kupitia koki ya chini kabisa, huku ukifungua kitolea hewa cha juu ili hewa iingie. Jifunze koki hizo ziko wapi mapema, mchana, ukiwa na fundi karibu. Usiku wa dharura si wakati wa kuzitafuta.

Kwa safari, acha joto likiwaka, na umpe jirani au ndugu ufunguo apite kuangalia. Muonyeshe geji ya presha na koki kuu.

SHIDA ZINAPOTOKEA

Radieta za eneo moja ni baridi asubuhi, nyingine ni moto. Chukulia kuna barafu mpaka uthibitishe vinginevyo. Zima boila na pampu. Funga koki inayojaza maji kwenye mfumo, na hili ni la lazima: kama bomba limeshapasuka, barafu ndiyo inayoziba ufa kwa sasa, na ikiyeyuka, kijazio cha kujiendesha kitaendelea kumimina maji kwenye silingi bila kikomo. Weka ndoo chini ya sehemu unayoishuku. Kisha pasha polepole: fungua mlango wa dari, ondoa kihami, tumia taulo zilizolowekwa maji ya moto au mashine ya kukaushia nywele. Anza kwenye ncha iliyo karibu na upande ambao haujaganda, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kwenda. Usianze katikati. Usitumie moto wa aina yoyote, wala jiko, wala tochi ya gesi. Nyumba zimeungua kwa njia hiyo. Na usishike kifaa cha umeme ukiwa umesimama kwenye maji.

Barafu imeyeyuka. Usiwashe boila mara moja. Pita na taa bomba lote, si pale palipoganda tu. Shaba iliyopasuka kwa barafu huvimba na kuchanika kwa urefu wake, ufa mfupi ambao ni rahisi kuuona ukipitisha kidole. Fungua koki ya kujaza kidogo kidogo, simama, tazama geji. Ikitulia kwa nusu saa bila kushuka, toa hewa, washa.

Presha inashuka kila wiki na hakuna maji yanayoonekana. Uvujaji mdogo darini hunywewa na pamba. Inua pamba chini ya kila jointi na uiguse. Pamba iliyolowa itupwe, iwekwe kavu. Ikishindiliwa na maji hairudi kufanya kazi.

Mianya imefunguka kati ya ala. Foamu imesinyaa. Usivute ala ili zikutane, zitaachia upande wa pili. Chonga pete ya foamu, ijaze mwanya, gundi.

Bomba linagonga au kulia joto linapowaka. Linarefuka na kusugua mbao au klipu. Legeza klipu, panua tundu linapopenya, weka kipande cha foamu kati yake.

Waya wa joto unakata umeme kila unapowashwa. Usilazimishe swichi ibaki juu, wala usiuhamishie kwenye soketi nyingine. Uchomoe, ganda lake limeingia maji au limekatwa mahali. Fundi umeme aupime, au uweke mpya.

Kuna doa la maji kwenye silingi. Angalia linakua lini. Likikua joto linapowaka na geji ikishuka, ni bomba. Likitokea siku ya baridi kavu huku geji imetulia, tazama chini ya paa: misumari yenye matone au barafu inaonyesha hewa yenye unyevu inapanda kutoka vyumbani na kugandia huko. Hapo rudi Hatua ya 3, ila safari hii ziba matundu ya silingi yenyewe, kuzunguka taa, kuzunguka mabomba ya bafuni na kwenye fremu ya mlango wa dari, na uhakikishe feni ya bafuni inatoa hewa nje ya paa.